Uzi: Kujua kompyuta, seva au ruta imewaka muda gani, na kwa nini namba nyingine zinadanganya

Njiro_Kwetu
Wakuu, salaam. Naomba nondo. Ofisi ya utalii hapa Arusha ina kompyuta 9 za Windows 10 na 11, seva moja ya Ubuntu na ruta ya MikroTik. Umeme ukisumbua usiku, asubuhi mwenye ofisi anataka majibu mawili: mashine ipi ilizimika, na ilikaa imezima kwa muda gani. Task Manager ya kompyuta ya mapokezi inasema imewaka siku 23, wakati inazimwa kila jioni kwa Shut down ya kawaida. Seva nayo nikipiga `uptime` inatoa maneno mengi. Naanzia wapi?

fundi_Sakina
Mkuu, hiyo ya mapokezi haina ugonjwa. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibofya Shut down, mfumo unamtoa mtumiaji, kisha keneli (moyo wa mfumo) na madereva yake (programu zinazoendesha vifaa) vinahifadhiwa kwenye faili la `hiberfil.sys` ndani ya C:. Asubuhi ukiwasha, vinasomwa vilivyo kutoka kwenye diski badala ya kuanza upya, kwa hiyo kihesabu cha muda kinaendelea pale kilipoishia. Restart yenyewe haipiti njia hiyo, inaanza sifuri. Ndiyo maana tatizo la printa linaondoka kwa Restart lakini halitoki kwa kuzima na kuwasha.

Njia tatu za kulimaliza:

1. Mara moja tu: shikilia Shift huku ukibofya Shut down, au andika `shutdown /s /t 0`. Huko ni kuzima kamili.
2. Moja kwa moja: Control Panel, Power Options, "Choose what the power buttons do", bofya "Change settings that are currently unavailable", ondoa tiki kwenye "Turn on fast startup".
3. `powercfg /h off` ukiwa Administrator. Hii inafuta `hiberfil.sys` na kurudisha nafasi kwenye diski, ila inaua Hibernate yote. Kwenye laptopu fikiria kwanza.

Ila usiidharau hiyo namba 23. Umeme ukikatika mashine ikiwa inafanya kazi, haipati nafasi ya kuhifadhi chochote, na ikiwaka inaanza sifuri. Kwa hiyo siku 23 maana yake ni kwamba kwa siku 23 hiyo kompyuta haijakatikiwa umeme ikiwa imewaka, wala hakuna aliyeiristati, wala masasisho hayajaikamilishia Restart. Hiyo nayo ni habari, tena kwa upande wa masasisho si nzuri.

Kibosho_IT
Naongezea kwa Windows. Task Manager ni ya kuangalia haraka (Performance, CPU, "Up time", inasomeka siku:saa:dakika:sekunde). Kwa kazi ya kweli tumia PowerShell:

`(Get-Date) - (Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).LastBootUpTime`

PowerShell ya toleo la 6 kwenda juu ina `Get-Uptime`, na `Get-Uptime -Since` inakupa tarehe yenyewe. Ile 5.1 inayokuja na Windows haina hiyo amri, usishangae ikikukatalia. Na maelekezo ya zamani yanayosema `wmic os get lastbootuptime` achana nayo, kwenye Windows 11 za karibuni wmic haimo tena kama ilivyokuwa.

Lakini swali la mwenye ofisi halihusu muda wa kuwaka. Anauliza nini kilitokea usiku, na hilo liko kwenye logi (daftari la matukio) ya System:

`Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; Id=41,1074,6005,6006,6008} -MaxEvents 40 | Format-Table TimeCreated,Id,Message -Wrap`

Zisome hivi:
- 1074: kuna mtu au programu iliyoomba kuzima au kuristati. Jina lake linaandikwa, na sababu pia.
- 6006: huduma ya logi imefungwa kwa utaratibu. Mashine imezimwa kistaarabu.
- 6005: huduma ya logi imeanza.
- 6008: safari iliyopita ya kuwaka iliishia ghafla. Ujumbe wenyewe unataja saa ya kuzimika. Chukua saa hiyo, si ile ya TimeCreated, kwa sababu 6008 huandikwa baada ya mashine kuwashwa tena.
- 41 ya Kernel-Power: imeanza bila kuzimwa vizuri. Umeme, kitufe kushikiliwa, au skrini ya bluu. Ukiona BugcheckCode (namba ya kosa la skrini ya bluu) siyo 0, umeme hauna hatia, tafuta dereva au RAM.

Kuna na 6013, inaandikwa mara moja kwa siku ikitaja muda wa kuwaka kwa sekunde. Gawanya kwa 86,400 upate siku.

Kama Fast Startup iko hai, 6005 na 6006 zinaweza zisionekane kila siku. Hapo tafuta tukio 27 la Kernel-Boot: aina ya kuwaka 0x0 ni mwanzo kamili, 0x1 ni Fast Startup, 0x2 imerudi kutoka Hibernate.

Ngaramtoni_Digital
Kwa wasiopenda PowerShell: `systeminfo | find "System Boot Time"` kwenye cmd inatosha. Inachukua sekunde kadhaa maana inakusanya kila kitu kwanza. Windows ikiwa ya lugha nyingine, hayo maneno ya kutafuta hayatapatikana.

mama_seva
Nakuja kwenye Ubuntu. Chukua mstari huu:

`14:20:05 up 23 days,  5:12,  2 users,  load average: 0.42, 0.55, 0.61`

Saa ya sasa ni 14:20. Imewaka siku 23, saa 5 na dakika 12. Hiyo 5:12 si saa ya kuwashwa, ni nyongeza juu ya siku. Waliomo ndani ni wawili. Namba tatu za mwisho ni wastani wa foleni ya kazi kwa dakika 1, 5 na 15. Zilinganishe na jibu la `nproc` (idadi ya viini vya prosesa). Mashine ya viini 4 yenye 3.8 inahema lakini inaenda, ya kiini 1 yenye 3.8 ina foleni.

`uptime -p` inakupa maneno tu, `uptime -s` inakupa tarehe na saa ya kuwaka. Chanzo cha yote ni faili moja:

`cat /proc/uptime`
`1987234.51 7421090.22`

Namba ya kwanza ni sekunde tangu kuwaka. Ya pili ni sekunde ambazo prosesa ilikaa bure, zikijumlishwa kwa viini vyote, kwa hiyo kuzidi ya kwanza ni kawaida. Hapo viini ni 4: zidisha ya kwanza kwa 4, gawanya ya pili kwa jibu, unapata kama asilimia 93. Seva hiyo inalala usingizi karibu muda wote.

Hayo yanajibu "sasa". Kwa historia kuna amri mbili. Ya kwanza, `last -x reboot shutdown`, inasoma `/var/log/wtmp`. Isome ukitafuta jozi: kila reboot iwe na shutdown iliyoitangulia. Ukikuta reboot mbili zimefuatana bila shutdown katikati, hapo mashine ilikatika. Faili hilo huzungushwa kila mwezi, ya mwezi uliopita ni `last -f /var/log/wtmp.1 reboot`. Walio kwenye Debian 13 hawataikuta `last` ya zamani. Wasakinishe `wtmpdb` kisha `wtmpdb last`.

Ya pili ndiyo naipenda zaidi kwa kazi yako:

`journalctl --list-boots`

Kila mstari ni safari moja ya kuwaka: ujumbe wa kwanza na ujumbe wa mwisho. Pengo kati ya mwisho wa -1 na mwanzo wa 0 ndio muda ambao seva ilikuwa imezima. Kisha `journalctl -b -1 -n 40` uone maneno yake ya mwisho. Kama kuna huduma zinafungwa moja moja hadi "Journal stopped", ilizimwa vizuri. Kama maneno yamekatika katikati ya shughuli za kawaida, ni umeme au waya.

Kama inaonyesha safari moja tu, logi yako inakaa kwenye RAM. Tengeneza `/var/log/journal`, weka `Storage=persistent` na `SystemMaxUse=200M` kwenye `/etc/systemd/journald.conf`, kisha `systemctl restart systemd-journald`. Kuanzia hapo itakumbuka.

Njiro_Kwetu
Asante dada, nimeipiga. Imetoa hivi:

`-1 7c1e... Mon 2025-03-03 05:01:12 UTC — Tue 2025-03-04 18:07:44 UTC`
` 0 a94b... Wed 2025-03-05 03:22:10 UTC — ...`

Mlinzi anasema umeme ulikatika saa tatu na robo usiku. Hapa naona saa kumi na mbili jioni. Nani mkweli?

mama_seva
Wote wawili. Seva iko kwenye UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko mbele saa 3, kwa hiyo 18:07 UTC ni 21:07 ya hapa, yaani saa tatu na dakika 7 usiku kwa mlinzi. Njia ya mkato ukisoma logi ya UTC: toa 3, unapata saa ya Kiswahili moja kwa moja. 18 toa 3 ni 15, ondoa 12, saa tatu. Na 03:22 toa 3 ni sifuri, yaani saa kumi na mbili na dakika 22 asubuhi.

Dakika nane zilizobaki kati ya logi na mlinzi zina maelezo. Ujumbe wa mwisho si lazima uwe saa ya kukatika, ni mara ya mwisho seva kuwa na la kusema. Tena journald (huduma inayoandika logi hizo) humwaga ujumbe wa kawaida kwenye diski kila baada ya dakika 5, umeme ukikatika katikati zinapotea. Kwa upande wa pili, Ubuntu huendesha cron (kazi za ratiba) ya kila saa dakika ya 17 na inaacha alama kwenye logi. Alama ya 18:17 haipo, kwa hiyo seva ilikata kati ya 18:07 na muda mfupi baada ya 18:17. Robo ya mlinzi inaingia humo humo.

Ukitaka seva iongee saa za hapa: `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`. Binafsi seva naiacha UTC na kusoma kwa hesabu, hasa kama una VPS (seva ya kukodi) nje ya nchi na unalinganisha logi mbili. Ila kwa ofisi moja yenye seva moja, weka ya hapa upumzike.

Soweto_Moshi
Kwenye MikroTik: `/system resource print`, mstari wa uptime utaona kitu kama `3w2d5h12m40s`, yaani wiki 3, siku 2 na kuendelea. Mambo matatu yanayowachanganya watu:

Kwanza, logi iko kwenye RAM. Ruta ikizima, yote ya jana yameondoka. Unabakiwa na mstari mmoja wa onyo kwamba ilizimika bila utaratibu. Tuma logi kwenye seva yako:

`/system logging action set remote remote=192.168.88.10`
`/system logging add topics=system action=remote`

Badilisha anwani iwe ya seva, na upande wa Ubuntu fungua rsyslog (huduma ya kupokea logi) ipokee UDP 514. Kuandika kwenye diski ya ruta yenyewe kunawezekana, lakini flashi yake ni ndogo na inachakaa, sishauri.

Pili, ruta nyingi hizi hazina betri ya saa. Zikiwaka zinakuwa na saa ya uongo mpaka zipate NTP (huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao). Toleo la 7: `/system ntp client set enabled=yes servers=0.pool.ntp.org`.

Tatu, ruta kuwaka wiki tatu haimaanishi intaneti ilikuwepo wiki tatu. `/interface print detail` ina `link-downs`, `last-link-down-time` na `last-link-up-time` kwa kila mlango. Kama mnatumia PPPoE (kuingia intaneti kwa jina na nywila), `/interface pppoe-client monitor 0` inaonyesha uhai wa muunganisho wenyewe. Mkuu akilalamika mtandao ulikatika, anza hapo.

Mwenye Cisco: `show version`, humo utakuta muda na sababu ya kuwaka mara ya mwisho. Power-on ni umeme, reload ni amri ya mtu.

fundi_Sakina
Njiro, mbona hakuna aliyeuliza kwa nini seva ilikaa saa 9 na dakika 14 imezima? Sidhani kama umeme ulichukua muda huo. Inaelekea ilisubiri mtu aje kubonyeza kitufe. Ingia BIOS (mipangilio ya ubao kabla mfumo haujawaka), tafuta "AC Recovery" au "Restore on AC Power Loss". Kuna Off, On na Last State. Weka On.

Last State inaonekana ya busara lakini ina mtego. Ukifunga UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB na apcupsd au NUT (programu za kusimamia UPS), betri ikikaribia kuisha seva inazimwa kwa utaratibu. Hali yake ya mwisho sasa ni "imezimwa", kwa hiyo umeme ukirudi inabaki imelala. Na mtego wa pili: umeme ukirudi wakati seva imeshajizima lakini UPS bado haijaisha, seva haioni kwamba umeme uliwahi kutoka, hivyo haiwaki hata ukiweka On. Dawa ni kuiamuru UPS ikate umeme wake yenyewe baada ya seva kuzima. Kwenye apcupsd ni `--killpower`, kwenye NUT ni `upsdrvctl shutdown`. Jaribu jioni moja kwa kuchomoa UPS ukutani huku ukiwepo, usingoje ikupate.

Na kama saa ya BIOS inarudi miaka ya nyuma kila ikichomolewa, badili CR2032 ya volti 3. Bila hiyo saa za logi zote ni takataka mpaka NTP iamke.

Mbuyuni_Used
Nje kidogo ya mada. Kompyuta za mtumba zinazoingia Moshi na Arusha, naweza kujua jumla imewaka saa ngapi maisha yake yote?

Kibosho_IT
Kompyuta nzima hapana, diski ndiyo. Beba Linux kwenye flashi, washia hapo hapo dukani, kisha `sudo smartctl -A /dev/sda`. Namba 9, Power_On_Hours, ni saa ilizowaka. Namba 12, Power_Cycle_Count, ni mara ilizowashwa. NVMe: `sudo smartctl -a /dev/nvme0`, na humo utaona pia Unsafe Shutdowns. Kwa Windows CrystalDiskInfo inaonyesha hayo hayo.

Gawanya saa kwa mara za kuwashwa. Saa 18,400 kwa mara 92 ni wastani wa saa 200 kila safari: hiyo ilikuwa seva au mashine isiyozimwa. Saa 6,000 kwa mara 1,500 ni saa 4 kila mara, matumizi ya kawaida ya mtu. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Ofisi ya saa 9 kwa siku 6 ni kama 2,800. Diski chache huhesabu namba 9 kwa dakika, kwa hiyo ukiona miaka 90 usipige kelele. Namba hii inaweza pia kuchezewa. Kwa Seagate, `smartctl -l farm` (smartmontools 7.4 kwenda juu) inasoma kumbukumbu nyingine ya ndani, zikipishana sana, rudisha mashine kwa muuzaji. Kumbuka pia diski hubadilishwa, saa za diski si umri wa ubao.

Kaloleni_Root
Yangu ya Debian ina siku 611 haijazimwa. Mnipe tuzo.

mama_seva
Siku 611 ni siku 611 bila keneli mpya, labda kama una livepatch (kurekebisha keneli bila kuzima). Linganisha `uname -r` na keneli iliyosakinishwa, na uangalie kama `/var/run/reboot-required` lipo. Isitoshe hujui kama fstab yako (orodha ya diski za kuunganishwa wakati wa kuwaka) bado inawaka vizuri baada ya mabadiliko ya mwaka mzima, na utalijua siku ambayo umeme umeamua badala yako. Panga Jumapili moja kwa mwezi.

Vihesabu vyenyewe navyo vina mipaka. Kihesabu cha biti 32 kinachohesabu kwa sehemu ya mia ya sekunde kinajaa baada ya siku 497 na kuanza sifuri. Keneli za Linux kabla ya 2.6 zilikuwa hivyo, na sysUpTime ya SNMP (itifaki ya kufuatilia vifaa vya mtandao) mpaka leo iko hivyo. Windows 95 na 98 zilihesabu kwa milisekunde, kikomo siku 49.7, na hapo ziliganda. Kwa hiyo mfumo wako wa ufuatiliaji ukikuambia swichi imejiristati siku ya 497, usikimbilie kulaumu umeme. Halafu kwa seva yenye net-snmp, sysUpTime ni muda wa programu ya snmpd, si wa mashine. Tumia hrSystemUptime.

Ngaramtoni_Digital
Ndani ya kontena la Docker (programu iliyotengwa ndani ya mashine) `uptime` inatoa siku za mashine mama. Hiyo kawaida?

mama_seva
Kawaida, `/proc/uptime` haitengwi. Tumia `docker ps`, safu ya STATUS. Kwa huduma ya kawaida, mfano nginx: `systemctl show nginx -p ActiveEnterTimestamp`. Seva inaweza kuwa hai mwezi mzima huku MySQL imeanguka mara nne.

Njiro_Kwetu
Nimepata picha. Swali la mwisho: kompyuta 9, sitaki kuzunguka meza kwa meza kila asubuhi.

Kibosho_IT
Tengeneza skripti hii:

`$b=(Get-CimInstance Win32_OperatingSystem).LastBootUpTime`
`"$(Get-Date -f s),$($b.ToString('s'))" | Add-Content "\\seva\logi\$env:COMPUTERNAME.csv"`

Iweke Task Scheduler, kichocheo "At log on". Usiweke "At startup", kwa sababu Fast Startup ikiwa hai mfumo hauhesabu huo kuwa mwanzo na kazi haitaendeshwa. Kila mashine iwe na faili lake kama nilivyoandika. Ukizipa faili moja, dada wawili wakiingia sekunde moja, mmoja atakuta faili limefungwa na mstari wake utapotea. Na mtumiaji anayeingia awe na ruhusa ya kuandika kwenye folda hiyo ya seva, vinginevyo itashindwa kimya kimya.

Njiro_Kwetu
Poa. Naanza na BIOS ya seva leo jioni wakishafunga, hizo 9 kesho.